Glasi Mbili za Haradali

Mama mkwe wangu, Pena, hajawahi kununua mboga dukani wakati wa baridi. Husema siku atakayonunua, tumchimbie kaburi jioni yake. Nyumba yetu iko mwisho wa kijiji, pale lami inapoishia na mlima kuanza, na bustani iko nyuma, imebanwa kati ya banda la kuku na ukuta wa mawe wa jirani yetu Gancho. Si bustani kubwa, ila hakuna mahali pa kutupa mguu ovyo. Hapa nyanya, hapa pilipili hoho, pale karoti, pembeni koliflawa na seleri, na maharagwe yamepanda ukuta wote hadi upande wa Gancho, ambaye huchuma yaliyovuka na kusema ni kodi.

Mimi ni Tsonka, mke wa mwanawe wa pekee. Shuleni sikufika mbali, na sina la kujivunia ila macho. Naangalia. Naangalia kama jiko limezimwa, kama mlango umefungwa, kama sauti ya binti yangu kwenye simu ina homa ndani yake. Dobri, mume wangu, ananicheka. Anasema hata nikifa nitafumbua jicho moja nione kama wamefunika jeneza vizuri. Nimeishi na Mama Pena chini ya paa moja tangu nilipoolewa, kwa hiyo ninayoyasema juu yake nimeyaona.

Alizaliwa kwenye vijumba vya juu mlimani, akaolewa huku chini akiwa msichana mdogo, na ujana wake wote aliumaliza kwenye kiwanda cha kusindika mboga mjini. Mchana alisimama akichambua pilipili za watu asiowajua. Jioni alishuka kwenye basi, mikono ikimwaka kwa siki, akaanza kuchambua za kwake. Stoil, mumewe, alikuwa akimwambia, "We mwanamke, hujashiba tu siki?" Naye alimjibu, "Ile ni ya serikali. Hii ni yetu." Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na aproni yake, na pia mashine ndogo ya kukazia vifuniko ambayo mpaka leo hakuna aliyethubutu kuuliza aliipataje.

Stoil alifariki mwaka uleule. Kisha ikaja ile baridi mbaya, wakati maduka yalibaki na rafu tupu na mkate ulipangiwa foleni gizani. Mimi nilikuwa na mimba ya Ralitsa. Kila nilichokula kilirudi, isipokuwa kitu kimoja: achari ya Mama Pena. Alikuwa ananiletea kitandani kwenye bakuli, anasimama juu yangu kama askari, anasema, "Kula. Mtoto anaomba, si wewe." Ralitsa alizaliwa na mashavu mekundu kama pilipili, na kijiji kizima kilisema mtoto huyo ameumbwa kwa siki.

Achari yenyewe tunaiita ya kifalme. Koliflawa, karoti, pilipili hoho nyekundu na seleri, vyote vibichi, vinalala ndani ya siki, sukari na chumvi bila kuonja moto. Na kwa kuwa haipikwi, hutiwa asprini ili isioze. Nani alianza, sijui. Mama yake alitia, mama yangu alitia, na kijijini kwetu ukimwomba jirani asprini hakuulizi kama kichwa kinauma. Anauliza unatengeneza chupa ngapi.

Mama Pena ana sheria moja kuhusu achari yake: haifunguliwi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwezi wa kumi na mbili, tunapokula samaki. Nimeona akimpiga Dobri kwa mwiko, mtu mzima mwenye mvi, kwa kosa la kugusa kifuniko.

Sasa niseme juu ya glasi.

Vidole vya Mama vimepinda kwa ugonjwa wa viungo. Hawezi kubonyeza kidonge kutoka kwenye karatasi yake, basi huwa anamwambia Dobri avibonyeze vyote kwa pamoja, na anavihifadhi kwenye glasi mbili ndogo zilizokuwa za haradali, rafuni juu ya jiko. Glasi ya kushoto ni ya asprini, kwa ajili ya achari. Ya kulia ni ya vidonge vya moyo, ambavyo daktari alimpa na kumwonya kwamba si vya kuchezea. Vyote ni vyeupe, vyote ni vya mviringo. Nilimwambia zaidi ya mara moja, "Mama, tuandike juu yake." Akanijibu, "Niandike nini? Kushoto ni kushoto tangu nizaliwe."

Mwezi wa tisa tulipaka jiko chokaa. Kila kitu kilitolewa nje kwenye meza ya uani, na Mama akakirudisha mwenyewe, kwa sababu mimi, anasema, napanga vitu kama mwizi aliyesikia mlango.

Mwezi wa kumi tukatengeneza achari. Nakumbuka siku hizo kama siku nzuri, na ndiyo maana zinanisumbua. Jua lilikuwepo. Mama alikaa kwenye kigoda uani, sinia kwenye magoti, akigawa koliflawa vipande vipande kwa kidole gumba tu bila kisu. Dobri alichemsha maji ya kuoshea chupa. Gancho aliegemea ukutani upande wake, mikono miwili juu ya mawe, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Pena wee," alisema, "mwaka jana achari yako ililegea. Niliitafuna kwa ulimi."

"Uliitafuna kwa ulimi kwa sababu meno umeyasahau hospitalini."

"Ya dukani siku hizi inalia kruu, kruu."

"Basi nenda ukamwoe muuza duka, akulishe."

"Nilimwomba. Amesema anataka mwanamume mwenye bustani."

Mama alicheka hadi akashika kifua. Nikamwangalia. Alipoona namwangalia, akaacha kucheka na kuniambia nilete kifimbo cha kusukumia unga, asage asprini. Nililala na mawazo ya kile kifua, si ya kile alichokuwa anasaga. Alisaga mwenyewe, kama kila mwaka, akatia kijiko kwa kijiko kwenye siki, akaonja chumvi tu, akasema, "Hii itasimama."

Chupa mbili za kwanza zilikwenda mji mkuu, Sofia, kwa Ralitsa. Tuna desturi hiyo sisi sote wenye watoto mjini: unafunga chupa kwa magazeti, unazipanga kwenye sanduku, unampa dereva wa basi la asubuhi, na mtoto anazipokea kituoni. Baadaye chupa tupu zinarudi kwa basi hilohilo. Asiporudisha chupa, mwaka ujao hana kitu. Ralitsa alikuwa na mimba ya kwanza. Mama Pena alifunga zile chupa na sweta yake mwenyewe ya sufi juu ya magazeti. Kwenye simu akamwambia, "Usifungue kabla ya Nikola. Lakini ukifungua, kula ya kutosha. Mtoto anaomba, si wewe."

Mwezi wa kumi na moja niliona miguu ya Mama imevimba. Soksi ziliacha alama kama kamba. Alipopanda ngazi za stoo ya chini alisimama katikati, akajifanya anatazama buibui.

"Mama, unakunywa dawa?"

"Nakunywa."

"Kila siku?"

"Tsonka, wewe ungekuwa polisi, wezi wote wangehama nchi."

Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Kila asubuhi alinyoosha mkono kwenye glasi ya kulia, akachukua kidonge, akameza na maji.

Mwishoni mwa mwezi ule, asubuhi moja, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya stoo, kabichi mapajani, midomo imegeuka rangi ya plamu. Nilimkokota hadi jikoni nikamkalisha karibu na jiko. Nikachukua glasi ya kulia nimpe kidonge. Kilikuwa kati ya vidole vyangu, na vidole vyangu vikakiona kinene. Nikakigusa kwa ulimi. Kilikuwa kichachu, na kilianza kumomonyoka palepale.

Ilikuwa asprini.

Nikachukua glasi ya kushoto. Ilikuwa tupu, imebaki vumbi chini. Nikachovya kidole nikaonja. Chungu, uchungu ulioshika hadi kooni.

Nilisimama pale na ulimi wangu mchungu, na nikaelewa yote kwa mara moja. Glasi zilibadilishana mahali siku ya chokaa. Tangu hapo mama mkwe wangu amekuwa akinywa asprini badala ya dawa ya moyo. Na dawa yake ya moyo, yote, aliisaga kwa kifimbo na kuitia kwenye achari. Na chupa mbili ziko Sofia.

"Umekufa umesimama?" Mama aliuliza kutoka kwenye kiti. "Nipe dawa yangu."

"Imeanguka sakafuni, Mama. Nakuletea nyingine."

Nilitoka uani na simu. Nikabonyeza namba. Ralitsa hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Kuku walinizunguka wakidhani nimewaletea kitu. Nilipiga hadi akapokea, anahema, ametoka kuoga.

"Mama, kuna nini? Bibi?"

"Umekula ile achari?"

"Mama, umenitoa bafuni kwa achari?"

"Ralitsa, nijibu! Umekula?"

"Sijala! Bibi si alisema hadi Nikola? Nimeiweka dirishani naitazama kama sinema. Jana nilishika kifuniko, halafu nikaona mwiko wake mbele ya macho nikaacha."

Nilikaa chini kwenye kinyesi cha kuku na kulia. Baadaye tu ndipo nilipomweleza.

Dobri alikwenda mjini siku ileile. Daktari aliandika dawa upya na kutaka kumwona Mama Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mfamasia, dada mpole mwenye miwani, alimsikiliza hadi mwisho kisha akasema hakuna wa kugusa hata kipande kimoja, mwenye mimba ndiyo kabisa, na mzee mwenye moyo dhaifu vilevile. Hakuna kusema chupa hii ni nzuri na hii ni mbaya, kwa sababu Mama alisaga vidonge siku zote za kazi na hakuna anayejua wapi viliingia vingapi.

Nilimpa Mama dawa yake ya kweli nikimwambia ni vidonge vya aina mpya. Baada ya siku chache alianza kupumua vizuri. "Umeona?" aliniambia. "Ni kitunguu saumu. Nimekuwa nikimeza kitunguu saumu kimyakimya."

Tulibaki na chupa zilizojaa rafu mbili za stoo, zinang'aa nyekundu na nyeupe na rangi ya machungwa, na kila asubuhi Mama alishuka kuzitazama. Hafanyi kitu huko. Anazitazama tu, anagusa moja, anarudi.

"Tumwambie," nilimwambia Dobri.

"Umwambie nini? Kwamba alitaka kumuua mjukuu wake?"

"Hakutaka."

"Yeye atasikia hivyo hivyo. Unamjua. Ataacha kugusa sufuria, atakaa kwenye kiti, na mwezi wa tatu tutamzika." Dobri si mtu wa maneno mengi, na alikuwa anakuna meza kwa ukucha. "Ijumaa akienda kwa daktari na mimi, wewe mwaga zote. Sema rafu ilianguka."

Ralitsa alikubaliana na baba yake. Na kwa kumpenda bibi yake akaongeza la kwake. Jumapili alipiga simu akataka kuongea na Mama, nami nikasikia kila neno kwa sababu Mama huweka sauti juu kabisa.

"Bibi, usinipige. Nimefungua zote mbili. Nimemaliza hadi maji yake nimekunywa."

"Kabla ya Nikola? Mbwa wewe!"

"Mtoto aliomba, Bibi."

Uso wa Mama ukawa uso wa ile baridi ya njaa, alipokuwa amesimama juu yangu na bakuli. Alikuwa anatabasamu bila kujua. Alipokata simu alitaka kufunga sanduku jingine palepale. Nilisema basi halichukui chupa wakati wa barafu, zinapasuka. Uongo ule ulitoka mdomoni kwangu laini kama siagi, na nikaogopa.

Sikukuu ya Nikola ilikuwa Jumatano, siku mbili kabla ya daktari. Gancho alikuwa ametualika. Alikuwa na samaki mkubwa wa bwawani, anamfunga ndani ya unga na kumwoka mzima, jambo pekee analojua kupika. Asubuhi Mama alivaa leso yake ya maua meusi akashika mkongojo wake.

"Tsonka, shuka ulete chupa ya mbele, ile yenye pilipili tatu."

"Mama, mwaka huu tungengoja Krismasi. Naona bado haijakolea."

Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Alinigeukia polepole.

"Unaona? Wewe unaona?"

"Nasema tu, Mama, baridi ilichelewa..."

"Nilikulisha achari hii ulipokuwa huwezi kushika kijiko. Sasa unanifundisha imekolea lini?"

Nikasema basi, nitaleta, ngoja nitoe mkate kwanza. Nilifikiri nitashuka, niidondoshe ngazini, yaishe. Nikafungua jiko, mkate ulikuwa umeshika chini, nikahangaika nao kwa kisu. Nilipogeuka, mkongojo haukuwepo, na Mama hakuwepo.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Kwenye rafu ya mbele kulikuwa na duara tupu kwenye vumbi.

Sijakimbia hivyo tangu utoto. Nilipita kwenye bustani, nikakanyaga vitunguu saumu vilivyopandwa kwa ajili ya masika, nikapanda ukuta wa Gancho kwa magoti. Mlango wake ulikuwa wazi kwa ajili ya moshi. Walikuwa mezani watatu: Dobri, aliyetangulia kumsaidia Gancho kumwinua samaki, Gancho mwenyewe, amevaa aproni juu ya koti, na Mama, amekaa wima, chupa aliyofunguliwa na Gancho iko mbele yake. Dobri alikuwa amepauka kama unga. Alikuwa ameshika mkono wa Gancho kama anayetaka kumwonyesha kitu. Kwenye uma wa Gancho kulikuwa na ua la koliflawa.

"Sikiliza, sikiliza," Mama alikuwa anasema. "Tafuna, uniambie kama hailii kruu."

Nilipiga ule uma kwa kiganja. Uma ukaruka, chupa ikaangukia upande, siki ikatambaa kwenye kitambaa cha meza hadi kwa samaki.

"Samahani, nimejikwaa," nilisema.

"Umejikwaa hewani?" Gancho alishangaa.

Mama hakunigombeza. Alisimama. "Haidhuru. Ziko nyingine. Nakwenda kuleta."

Na akaenda kweli, mkongojo ukigonga sakafu, na nikaona kwamba ningevunja hiyo nayo angeleta nyingine, na nyingine, mpaka mtu ale. Dobri aliniangalia. Macho yake yaliniomba nisiseme.

"Mama, simama. Ina dawa yako."

"Dawa gani?"

"Ya moyo. Glasi zilibadilishana siku ya chokaa. Uliyosaga haikuwa asprini. Asprini ulikuwa unakunywa wewe, ndiyo maana miguu ilivimba. Chupa zote, Mama. Haziliki."

Kisha Gancho, Mungu ambariki, akaokota uma chini na kusema, "Sasa mngeniacha nile, huenda na mimi moyo wangu ungepata nafuu." Hakuna aliyecheka, naye akaufuta uma kwa aproni, akaendelea kuufuta.

Mama alikuwa ameshika kizingiti.

"Rali," alisema. "Rali alikula."

"Hakula. Hajafungua hata moja. Zipo dirishani kwake."

"Ameniambia amekunywa hadi maji."

"Alikudanganya ili usiumie. Sote tulikudanganya."

Nilidhani ataanguka, nikasogea. Alinizuia kwa mkongojo, akaunyoosha kati yangu na yeye.

"Tangu lini mnajua?"

"Kabla ya Jumapili."

"Kwa hiyo Jumapili mlikuwa mmekaa mnanitazama ninavyofurahi."

Akashusha mkongojo.

Alirudi nyumbani peke yake. Tulipomfuata alikuwa ameshaanza. Hakutaka mkono wa mtu. Alitoa chupa mojamoja kutoka stoo, akapumzika kwenye kila ngazi, akazibeba hadi kwenye shimo la nyuma ya choo ambako tunatupa majivu, akamwaga. Dobri alijaribu kumpokea, akamwambia, "Ondoka." Vile vidole vyake havikuweza kufungua, basi aligonga vifuniko kwa jiwe. Theluji iliyozunguka shimo iligeuka ya manjano kwa siki. Kuku walisogea, akawafukuza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akawafungia bandani.

Kabla hajamaliza alishindwa. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, pumzi zikimwisha. Zilibaki chupa chache mlangoni mwa stoo. Nikazichukua nikamwaga mbele ya macho yake, na safari hii hakusema niondoke. Alisema tu, "Mashapo ya chini pia. Koroga majivu juu yake." Nikakoroga.

Chupa tukaziosha pamoja. Mara moja aliinusa moja, akanipa nami niinuse. Nikasema imetakata. Akaiosha tena.

Ijumaa daktari alimkuta ana nafuu kidogo na kumkemea Dobri kwa sababu ya zile glasi. Sasa vidonge viko kwenye kabati la chumba chetu, na mimi ndiye ninayempa kimoja kiganjani kila asubuhi. Huwa anakigusa kwa ulimi kwanza, kisha anameza. Usiku wa Krismasi mezani kulikuwa na maharagwe, dolma za wali uliofungwa kwenye majani ya kabichi, matunda makavu yaliyochemshwa, na bakuli la achari ya dukani aliyoileta Gancho kwa nia njema. Mama aliila. Alitafuna polepole, akasema, "Kweli inalia," na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Ralitsa alipiga simu mara nyingi. Mama anaongea naye vizuri, anauliza juu ya tumbo, juu ya mgongo, lakini hamwambii tena ale nini. Zile chupa mbili zilirudi kwa basi, tupu, zimefungwa kwenye ile sweta ya sufi. Mama aliikunjua sweta, akaivaa, chupa akaniachia mimi mezani.

Miaka mingi nimetamani aniulize jambo. Nilikuwa nikisema moyoni, mwanamke huyu hajawahi kuniuliza hata chumvi inatosha. Sasa ananiuliza kila kitu. Anasimama mbele ya jiko na kopo mkononi: hii ni sukari? Anashika chupa juu kwenye mwanga: hii ni siki au ni ile pombe ya Dobri, rakia? Karibu kila mara anajua sawasawa. Ninachokiogopa si kwamba hajui. Ni kwamba anajua na anauliza.

Wiki hii theluji imeanza kuondoka upande wa jua. Ni wakati wa kusia pilipili ndani ya nyumba, kwenye makopo ya mtindi dirishani. Yeye hufanya hivyo peke yake, kila mwaka, na mbegu zake ziko ndani ya vipande vya magazeti visivyo na alama yoyote, kwa sababu pilipili ni pilipili tangu azaliwe. Nilikuwa nafagia. Aliniita.

"Tsonka. Njoo uangalie."

Alifungua kiganja. Mbegu zilikuwa zimelala kwenye mikunjo ya ngozi yake, bapa, za manjano hafifu.

"Ni pilipili hizi, au ni nyanya?"

"Ni pilipili, Mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakutazama mbegu tena. Alinitazama mimi usoni, muda mrefu, kwanza jicho moja kisha jingine, kama anayechungulia chupa aone iwapo maji yake yametulia. Nami nilisimama na ufagio wangu nikajiacha nitazamwe. Kisha akageukia dirisha, akabonyeza mbegu ya kwanza kwenye udongo kwa kidole chake kilichopinda, akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka, nimshikie zilizobaki.